Fundi Yuko Njiani

Kariakoo hakuna shida ya kumpata fundi rangi. Shida ni kumpata mara ya pili.

Mara ya kwanza huja bila kutafutwa. Mwenye nyumba akiulizia tu bei ya ndoo ya lita 20 kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana wa dukani ana binamu yake, mlinzi wa jengo ana mtu wake, na shemeji anamjua "mtaalamu kabisa, ndiye aliyepaka kwa bosi wangu". Kabla ya adhuhuri kuadhiniwa, fundi yuko mlangoni anavua ndala. Suruali yake ina krimu, kijivu, bluu bahari na damu ya mzee, na mwenye macho anaweza kusoma humo nyumba zote alizopita tangu mwaka jana. Anatazama dari. Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaguna.

"Aliyepaka hapa mwanzo alikuharibia, mama."

Hiyo ndiyo salamu ya ufundi. Fundi rangi humlaumu fundi rangi aliyetangulia, fundi bomba humlaumu fundi bomba mwenzake, na wote kwa pamoja humlaumu fundi umeme.

Mama aliyeambiwa maneno hayo anakaa ghorofa ya pili, Mtaa wa Msimbazi, juu ya maduka. Ana sebule moja, vyumba viwili, mume mmoja shabiki wa Simba, na wageni wa posa ya binti yake watakaofika baada ya Idd. Katika nyumba za mjini, ukuta uliokaa miaka na alama za mikono ya watoto bila kumsumbua mtu hugeuka aibu ya ukoo pale sikukuu inapokaribia. Kila mtu huona aibu hiyo wiki ile ile, na mafundi ni wale wale.

Mbingu nazo hazisaidii. Mwaka 2024 Idd el-Fitr iliangukia Aprili, mwaka 2025 ikaangukia mwisho wa Machi, na yote hayo ni majira ya masika. Rangi ya maji hukauka kwa maji yake kwenda hewani, na hewa ya Dar es Salaam wakati huo haina nafasi ya kupokea maji mengine. Kopo linaweza kusema mkono wa pili upigwe baada ya saa nne. Masika husema subiri mpaka kesho. Fundi yeye husema, "Mama, siku mbili tu, kazi imekwisha."

Kisha huja orodha ya vifaa. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, fundi huyu aliandika ndoo mbili za rangi, mifuko ya puti, msasa, rola, brashi mbili na lita tano za tina. Mama, ambaye amelea watoto wanne kwa biashara ya vitenge na hesabu haimpigi chenga, aliuliza tina ni ya nini wakati rangi ni ya maji.

"Ya kuoshea brashi, mama."

"Brashi ya rangi ya maji si inaoshwa kwa maji?"

Fundi alikubali kwamba, ukiangalia sana, tina inaweza kusubiri.

Ndoo nazo zilikaguliwa. Makopo mengi ya rangi ya maji hueleza kwamba lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 3 ina kuta za mita za mraba 54. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 48. Mkono mmoja ni lita tano, mikono miwili ni lita kumi. Nusu ya ndoo. Fundi alitaka ndoo mbili.

"Hiyo hesabu ya darasani, mama. Ukuta wa Kariakoo unakunywa."

Hapo alikuwa na nusu ya haki. Lipu kavu isiyopigwa praima hunyonya mkono wa kwanza bila huruma, na ukuta wenye mashimo una eneo kubwa kuliko linavyoonekana kwa futi kamba. Lakini hata ukuta mlevi haunywi lita 40. Rangi inayobaki huwa na safari yake, na mtu asishangae siku moja akialikwa chai Buguruni akaikuta sebule ya watu ina rangi ile ile ya kwake. Walikubaliana ndoo moja.

Likafuata suala la rangi ipi, na hapo mtaa wenyewe ukaingilia. Makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi. Ya watani wake, Yanga, yako kwenye mitaa ya Twiga na Jangwani, mwendo wa miguu tu. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu hapo katika eneo hili nyekundu si nyekundu tu, wala njano si njano tu. Kijani na njano za Yanga ni rangi za chama cha CCM pia, kwa hiyo anayepaka sebule kijani hujikuta akiwaeleza wageni mambo mawili kwa mkupuo. Baba alitaka ukuta mmoja uwe mwekundu, "wa kupendezesha tu". Binti akakumbusha kwamba baba mkwe mtarajiwa ni Yanga wa kulia machozi. Fundi, ambaye hana timu mpaka alipwe, akapendekeza krimu.

Ndiyo maana nyumba nyingi za Dar es Salaam ni krimu ndani. Wageni hudhani wenyeji wanaipenda, kumbe ni suluhu ya ndoa.

Krimu hiyo ilinunuliwa usiku. Biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi Kariakoo Februari 2025, na baba aliona ni busara kupita dukani foleni ikiwa imepungua. Chini ya taa nyeupe ya dukani ilikuwa krimu safi. Asubuhi jua lilipoingia kwa dirisha la barabarani, ukuta ulioanza kujaribiwa ulikuwa wa waridi. Hakuna aliyemwibia mtu: rangi huonekana kwa mwanga unaoiangukia, na mwanga wa taa haufanani na wa jua, wala wa saa mbili asubuhi haufanani na wa alasiri. Dawa yake ni kununua kopo dogo, kupaka kipande cha ukuta na kukitazama mchana na usiku kabla ya kununua ndoo. Mama alinuna siku nzima. Baba aliutazama ule ukuta kwa furaha asiyoweza kuificha, akasema waridi ni nyekundu iliyoanza.

Ndoo ikarudishwa dukani, ikaongezwa rangi ya kurekebisha kwenye mashine, ikatoka krimu. Karatasi yenye namba ya mchanganyiko ilibandikwa kwenye mfuniko, na mama akaupiga picha mfuniko kwa simu. Picha hiyo ina thamani. Ndoo ikipungua katikati ya ukuta, anayeenda dukani na namba hurudi na rangi ile ile au inayokaribiana nayo sana. Anayeenda na maelezo kwamba "ni krimu, lakini si krimu sana" hurudi na ugomvi.

Kazi ilianza, na siku ya kwanza ukuta wenyewe ukasema. Rola ilipopita juu karibu na dari, iliteremka na rangi mpya, rangi ya zamani na vipande vya chokaa ya enzi za nyuma, vyote vimeshikana. Majengo mengi ya zamani ya mji huu yamepakwa chokaa mkono juu ya mkono. Chokaa iliyozeeka hutoa vumbi, na rangi inayopakwa juu ya vumbi hulishika vumbi, haishiki ukuta. Kwenye kona ya pili palikuwa na doa la kahawia lenye unga mweupe pembeni. Huo unga ni chumvi: maji hupita ndani ya tofali, huyeyusha chumvi iliyomo, hufika usoni yakakauka, chumvi ikabaki nje. Maji yalikuwa yanatoka bafuni kwa jirani wa ghorofa ya tatu, mtu mstaarabu sana anayeoga mara tatu kwa siku.

"Hapo tunapiga rangi ya mafuta, tunaziba," fundi alisema.

Na hapo ndipo wengi huliwa. Rangi ya mafuta haizuii maji yanayotoka nyuma, huyafungia. Yakikosa njia huisukuma rangi, na ukuta hutoa malengelenge. Kona ile iliyatoa kabla ya wiki kwisha, makubwa ya kutumbulika kwa kidole, na mtoto wa mwisho wa nyumba akawa na kazi ya kufanya. Kilichohitajika kilikuwa fundi bomba ghorofa ya tatu, si fundi rangi ghorofa ya pili.

Kwa kawaida ukuta hukwanguliwa, hupigwa msasa, nyufa huzibwa, puti hupakwa na kusawazishwa, vumbi hufutwa, praima hupigwa, ndipo mikono miwili ya rangi ifuate. Katika kazi iliyofanywa vizuri, siku za rangi ndizo chache. Msasa nao una adabu yake: rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, linapendekeza yasizidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi mpya. Rangi ya zamani ikwanguliwe ukuta ukiwa na unyevu, watoto wakiwa kwa bibi yao.

Siku ya pili fundi alimwaga jagi la maji kwenye ndoo, akakoroga, akatazama, akamwaga jagi la pili. Rangi ikawa uji wa mgonjwa. Sakafuni saidia fundi alikuwa ametandika magazeti, na kwa bahati mbaya yalikuwa Mwanaspoti. Alipofika kwenye ukurasa wa usajili alichuchumaa na brashi mkononi, akasoma mpaka mwisho, akahamisha kiatu ili aone pale habari ilipoendelea. Rangi ilidondoka juu ya picha ya kipa. Swichi ya taa ilipakwa krimu pamoja na ukuta, na mama alipouliza, fundi alijibu kwa upole kwamba yeye ni msanii.

Jibu hilo lina historia nyuma yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini humu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi, na hadi alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameanzisha mtindo unaojulikana duniani kote kwa jina lake. Lakini Tingatinga hakupaka swichi.

Siku ya tatu fundi alituma ujumbe kuomba nusu ya pesa aliyokuwa akidai, "na ya kutolea, mama". Mama akatuma, pamoja na ya kutolea. Siku ya nne simu haikupatikana. Siku ya tano ilipatikana: fundi yuko njiani, yuko hapa Jangwani, kuna foleni. Jioni foleni ilikuwa bado ile ile. Siku ya sita kulikuwa na msiba Morogoro. Ukweli, kama mlinzi alivyoueleza baadaye, ni kwamba fundi alikuwa Tabata akichukua pesa ya awali ya nyumba nyingine, ambayo nayo ilikuwa na aibu ya kabla ya Idd.

Fundi rangi mmoja tu jijini hajawahi kuchelewa wala kuomba ya kutolea: yule wa serikali mwenye kopo la rangi nyekundu. Mwishoni mwa 2015 alipita bonde la Mto Msimbazi, mwaka 2017 akapita Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, akiandika X kwenye kuta zilizotakiwa kubomolewa. Hakupiga msasa. Hakupiga mkono wa pili. Hakuna mwenye nyumba aliyetamani arudi.

Fundi wa mama alirudi, kwa kuwa alikuwa bado anadai. Na katika kumalizia kazi alisema jambo ambalo mama hakuwa na jibu lake. Mteja hukubali bei ya ndoo bila kubishana, kwa sababu anaiona. Akiambiwa siku mbili za kukwangua na kupiga msasa, huuliza, "Sasa hiyo nayo nalipia?" Bei ya ufundi hukatwa nusu mlangoni, na fundi anayelipwa kwa chumba, si kwa siku, hukata nusu yake pale pasipoonekana: chini ya rangi. Kisha hukimbilia nyumba ya pili kufidia. Kupaka rangi ni kazi yenye mafunzo: VETA, mamlaka ya ufundi stadi, huifundisha, tena ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani. Ila cheti hakiwezi kupiga msasa ukuta ambao mwenyewe hataki kuulipia.

Kwa hiyo anayetaka kupaka ndani aanze na maji: paa, bomba na bafu la jirani. Maandalizi ya ukuta yaandikwe kwenye mapatano kwa bei yake, mbali na bei ya kupaka. Rangi anunue mwenyewe, mchana. Pesa itolewe kwa hatua, na sehemu nzuri ibaki mpaka swichi zisafishwe. Na kama ni kwa ajili ya Idd, fundi atafutwe mapema, kabla hata ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwa maana wiki ya mwisho mafundi wote wazuri wa Kariakoo wako juu ya ngazi za watu wengine, na waliobaki wako njiani.