Parachichi Haliulizwi Litarudi Lini

Mvua ilikuwa inanyesha, na Tukuyu hiyo si habari. Mama mwenye nyumba alilala na nguo zake za safari, maana basi la Dar es Salaam hupita alfajiri. Mkoba wa nyaraka aliutundika bandani, kwenye msumari pekee usiodondokewa na maji, juu kidogo ya pembe za ng'ombe. Kando yake zilipangwa kreti za maparachichi ya Hass zikisubiri lori la mnunuzi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na mimba pevu na usingizi haukuja.

PARACHICHI: Mugonile, bibi.

NG'OMBE: Salama, mjukuu wangu. Mbona hulali?

PARACHICHI: Nitalalaje, bibi? Nakwenda Ulaya. Kwanza lori, halafu kontena la ubaridi, halafu meli majuma kadhaa hadi Rotterdam. Huko nitaamshwa taratibu, nilainike, niwekwe dukani.

PASIPOTI (*kutoka mkobani*): Nani huyo anataja Ulaya kwa sauti ya sokoni? Ulaya tunakwenda sisi. Mimi na mama tuna mwaliko wa kibiashara, siku sita, maonyesho ya matunda. Wewe ni mzigo.

PARACHICHI: Sawa, mheshimiwa. Mkobani humo mko wangapi?

PASIPOTI: Karatasi arobaini na tatu, ukiondoa mimi. Kuna fomu, picha za milimita 35 kwa 45 ambazo mama kakatazwa kucheka, barua ya mwaliko, cheti cha BRELA, TIN, cheti cha ndoa, tiketi ya ndege ambayo haijalipiwa, na hoteli ambamo huenda asilale. Kuna kiapo cha wakili kwamba jina la kwenye cheti cha kuzaliwa na jina la kwenye kitambulisho cha NIDA ni la mtu mmoja. Na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba shamba ni lake, ila wino wa mhuri ulikuwa umekwisha, inabidi uielekeze kwenye jua.

PARACHICHI: Mimi nasafiri na cheti kimoja.

PASIPOTI: Kimoja?

PARACHICHI: Cha afya ya mimea, kutoka TPHPA. Nisikudanganye, kabla ya hapo nimepekuliwa. Wamekuja wakaguzi wa GlobalG.A.P. wakauliza choo cha wachumaji kiko wapi. Nimepimwa mabaki ya dawa. Wameninyofoa wakanikausha kuona kama nimefikisha ile asilimia 21 ya ukavu. Lakini wakishaona sina mdudu, basi. Hajatokea aliyeniuliza nina akiba kiasi gani au nimeoa.

NG'OMBE: Wala utarudi lini?

PARACHICHI: Nirudi? Bibi, mimi nikirudi ndiyo kashfa. Kontena likirudishwa, mama anauza shamba.

(*Kimya kidogo. Maji yanadondoka kwenye ndoo.*)

NG'OMBE: Hii nchi mnayoiomba inaitwaje?

PASIPOTI: Tunaomba Schengen.

NG'OMBE: Ni nchi?

PASIPOTI: Ni nchi 29, bibi, lakini jina ni la kijiji. Kiko Luxembourg, kando ya mto Mosel. Mkataba ulisainiwa pale mwaka 1985, ndani ya meli.

NG'OMBE: Kijiji! Kina mtendaji?

PASIPOTI: Bibi, haya mambo ni mazito. Ada peke yake ni euro 90, robo milioni na ushei kwa fedha yetu, na ukinyimwa hairudi. Usipeleke maombi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala usisubiri zibaki siku chini ya 15. Tena mama aende mwenyewe Dar, kama kilomita 900 kwa basi, Uyole, Makambako, Kitonga, Mikumi, akaweke vidole kumi kwenye kioo. Kisha apande basi arudi.

NG'OMBE: Vidole vyenyewe vina utomvu wa migomba tangu azaliwe. Hicho kioo kitasoma nini?

STETIMENTI (*kwa sauti ya chini*): Kioo kisome kisisome, tatizo ni mimi.

PARACHICHI: Wewe nani?

STETIMENTI: Taarifa ya benki ya miezi sita. Nina aibu. Miezi minne ya mwanzo nimekaa mtupu kama debe, kwa sababu fedha ya mama haikai benki. Iko kwenye simu, iko kwenye kikoba, iko ada ya shule, na nyingine imesimama hapo inacheua. Halafu msimu ukafika, mnunuzi akalipa parachichi, ikaingia milioni nne na nusu siku moja. Hiyo ndiyo hela halali kuliko zote nilizowahi kubeba.

PARACHICHI: Mimi shahidi. Ni ya ndugu zangu.

STETIMENTI: Aliyemjazia mama fomu pale mjini alipoiona akashika kichwa. Akasema fedha ya mkupuo inatiliwa shaka, wataona kama ya kuazima. Ikabidi aazime kweli. Shemeji yake ameingiza milioni tatu, lakini kwa vipande, kila Jumatatu kipande, ifanane na mshahara. Sasa ndani yangu hela ya uongo inatembea kwa adabu, na ya kweli imeingia kama mwizi. Ya shemeji inaondoka Ijumaa.

PASIPOTI: Shusha sauti. Barua ya mwaliko isisikie, ni mgeni.

NG'OMBE: Na bima? Nilimsikia mama anataja bima huku ananikamua.

PASIPOTI: Lazima iwepo, ya kugharimia matibabu si chini ya euro 30,000.

NG'OMBE: Elfu 30? Si ndiyo aliyokuwa akilipa kwenye CHF, kaya nzima ya watu sita, mwaka mzima?

PASIPOTI: Zile zilikuwa shilingi, bibi. Hizi ni euro, za mtu mmoja, siku sita. Lakini ni bima ya maana, inalipia hata kuurudisha mwili nyumbani ukifariki.

NG'OMBE: Kwa hiyo akifa wana hakika atarudi Tukuyu. Akiwa hai ndipo wana shaka.

(*Pasipoti anapekua kurasa zake, hakuna palipoandikwa jibu.*)

PASIPOTI: Bibi, wao wanachotaka ni uthibitisho kwamba una cha kukurudisha. Mwajiri, mshahara, nyumba yenye hati.

NG'OMBE: Mimi nimeandikwa wapi?

PASIPOTI: Hujaandikwa.

NG'OMBE: Migomba?

PASIPOTI: Haina hati.

NG'OMBE: Kaburi la baba yake, hapo nyuma ya jiko?

PASIPOTI: Hakuna kisanduku cha kaburi.

NG'OMBE: Basi mmeandika nini arobaini na tatu zote hizo? Nikwambie, mjukuu. Sisi ng'ombe wa Rungwe tuna kumbukumbu ndefu kwa sababu hatuna pa kuiandika. Mwaka 1891 walifika hapa Wamoraviani, wametoka Herrnhut, Ujerumani. Wale wa misheni ya Berlin nao mwaka huohuo. Hakuna aliyewadai tiketi ya kurudi. Machifu waliwauliza mnataka nini, wakasema neno la Mungu na mahali pa kujenga. Wakapewa.

PARACHICHI: Waliomba siku ngapi?

NG'OMBE: Hawakutaja. Kanisa lao bado liko palepale Rungwe, na mama anaimba kwaya humo, sitaki kulisema vibaya. Ila baada yao wakaja wa serikali na boma lao, na mji huu wakauita Neu-Langenburg. Hao ndio waliokaa mpaka vita vikawaondoa mwaka 1916. Mama anaomba siku sita. Na hao wa Schengen wenyewe wanaruhusu siku ngapi?

PASIPOTI: 90 katika kila siku 180.

NG'OMBE: Wangeianzisha hesabu hiyo mapema.

PARACHICHI: Lakini bibi, tuseme haki. Hata sisi Tanzania mfanyabiashara wa nje tunamtoza viza ya dola 250.

NG'OMBE: Anaomba kwa simu akiwa kitandani kwake. Yule mnunuzi alipokuja kukukagua ukiwa kitumba, uliona anadaiwa cheti cha ndoa? Na sina hakika kama alikuwa nacho.

PARACHICHI: Mimi hata uraia nimewahi kubadilishiwa. Wakubwa zangu walipitia Mombasa, wakashuka Ulaya wameandikwa Kenya. Hawakuhojiwa na mtu.

PASIPOTI (*kwa wivu uliofichika vibaya*): Usijali, tutakutana huko. Nipe jina la duka, mama atakuja kukusalimia.

PARACHICHI: Majibu yanachukua muda gani?

PASIPOTI: Siku 15. Wakitaka kuchunguza zaidi, 45.

PARACHICHI: Kaka, siku 45 mimi nitakuwa nimekwisha kuliwa. Nitabaki kokwa.

Honi ikalia barabarani. Lori liliwahi kuliko basi, na vijana wawili wakaingia na makoti ya mvua, wakabeba kreti bila kumwamsha mtu. Parachichi akatokomea akipunga kikonyo. Mlango wa banda ulikuwa haujafungwa sawasawa ng'ombe alipoinama, akatoa mlio ambao kila mfugaji wa Rungwe anaujua hata akiwa usingizini.

Mama akaja mbio na tochi mdomoni. Ndama alikuwa anatanguliza mkia. Akampigia bwana mifugo, simu haipatikani, mtandao wa Tukuyu na mvua hawaelewani. Akavua koti la safari, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti.

Basi likapita, likapiga honi mara mbili pale njia panda, likasubiri kidogo kwa heshima, likaondoka kuelekea Uyole. Miadi ya Dar ilikuwa kesho yake saa tatu asubuhi.

PASIPOTI: Hili sasa ndilo la kuandika kwenye fomu, pale penye sababu za kurudi.

BARUA YA MWALIKO (*ikisikika kwa mara ya kwanza*): Samahani, mimi tarehe zangu haziahirishwi.

Ndama akasimama, akaanguka, akasimama tena akilitafuta titi. Mama akaufuta mkono wake kwa majani ya mgomba, akautazama mkoba juu ya msumari, kisha akamtazama ndama.

STETIMENTI: Na hela ya shemeji inaondoka Ijumaa.