Herufi Kubwa Ilivyoniumbua Ngara

Jana saa kumi na moja jioni, ghorofa ya tatu ya nyumba moja hapa Ngara, mtoto wa Gredi ya Tano alinifundisha hisabati huku akitafuna chapati. Aliyelipwa kufundisha ni mimi.

Mwanafunzi wangu alikuwa dadake, wa Kidato cha Tatu, aliyekwama kwenye vekta. Nikajitia ufundi. Nikafungua kompyuta yangu yenye GeoGebra, programu ya bure ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, nikatangaza: "Leo mtaiona vekta kwa macho!" Mama yao akaacha kukata sukumawiki, akaja kusimama mlangoni, kisu mkononi.

Nikaandika U = (3, 4). Herufi kubwa, kwa heshima. Vekta si kitu cha mchezo. Nikabonyeza. Kikatokea kitone. Nilisubiri mshale, nikapata kitone, kama nzi aliyetua kwenye skrini. Nikakipangusa kwa kidole. Kikabaki. Nikafuta, nikaandika upya: kitone. Nikailaumu intaneti. Msichana akasema, kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi, "Mwalimu, si ulisema hii haihitaji intaneti?" Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Kitone. Nikaanza kueleza kwamba vekta ikitazamwa kutoka mbali sana huonekana kama kitone. Hapo ndipo kijana alipomeza tonge lake.

"Jaribu ndogo, mwalimu."

"Ndogo nini?"

"Herufi."

u = (3, 4). Mshale ukachomoka kwenye sufuri, hatua tatu kulia, nne juu, urefu tano kamili. Mama yao akasema "Aaa!" Hakuniambia mimi, alimwambia mwanawe.

Usiku sikulala. Nilikesha na programu hiyo hadi saa nane, na nakiri imeniteka. Kwake, (3, 4) ni namba mbili tu. Jina ndilo linaloamua ziwe nini. Ziite A, zinakuwa nukta: mahali, kama kona ya Park Road, haiendi popote. Ziite u, zinakuwa vekta: safari isiyo na anwani. "Tembea hatua mia tatu kuelekea kaskazini" ni vekta. Ianzie Globe au ianzie sokoni Fig Tree, ni ileile. Lakini skrini haiwezi kuchora safari isiyoanzia popote, basi programu inaiegesha kwenye sufuri kama matatu inayorudi stejini. Jumlisha nukta na vekta, unapata nukta: umefika. Jumlisha vekta mbili, unapata vekta ya tatu, nayo inaegeshwa palepale sufuri hata kama zile mbili umezichora mbali. Ukitaka mshale ukae unapotaka wewe, uchore kutoka nukta A hadi nukta B. Vuta B peke yake, mshale unabadilika. Sogeza A na B pamoja, mshale unahama mtaa mzima, lakini namba zake pale pembeni hazitikisiki. Nimeusogeza mara arubaini nikizitazama namba tu.

Na ndipo nilipokasirika. Nilikaa sekondari miaka minne na hakuna aliyenieleza haya. Kitabuni vekta ilikuwa AB, herufi kubwa mbili zenye mshale juu. Ubaoni ilikuwa herufi ndogo yenye kiwimbi chini. Nilipouliza mshale uliochorwa ubaoni unaanzia wapi hasa, niliambiwa nisiwapotezee wenzangu wakati. Nikakariri. Kisha nikawa mwalimu, nikawakaririsha wengine. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na chumba kizima cha kompyuta, na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa "mkutanoni" mihula miwili. Yule kijana hana uchawi. Amezoea kubonyeza, kukosea, na kubonyeza tena. Sisi kukosea tulichapiwa, ndiyo maana mtu mzima mwenye shahada alizima kompyuta nzima kabla ya kujaribu herufi nyingine.

Mengine ya jana ni madogo. Wakati wa kuja, matatu ilinipitiliza hadi Pangani, nikarudi kwa miguu: vekta ileile yenye alama ya hasi. Usiku mama yao alinitumia mia tano badala ya elfu moja: mwelekeo uleule, urefu nusu.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujamwita mzazi aje kushuhudia, shika hili: nukta ni herufi kubwa, vekta ni herufi ndogo. Na kama kuna mtoto anayekula chapati hapo karibu, muulize yeye kwanza.