Namna ya Kusafisha Hewa ya Nairobi kwa Gharama ya Juu Kabisa

Umekabidhiwa bajeti ya kupunguza moshi jijini? Hongera. Fuata hatua hizi na hakuna shilingi itakayorudi Hazina.

1. Anza na saruji. Barabara ya kulipia ya Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa 2022. Ukiulizwa inahusianaje na hewa, jibu kwamba gari lisilokwama hutoa moshi kidogo. Ni kweli, hasa kwa anayepita juu. Matatu zinazonguruma chini yake usizitaje, wala usiseme kwamba barabara mpya huzaa magari mapya.

2. Tangaza kwanza, panga baadaye. Mwanzoni mwa 2019 Wizara ya Uchukuzi ilitangaza kuwa Jumatano na Jumamosi magari hayataingia katikati ya jiji. Siku hizo zikaahirishwa hata kabla ya kuanza. Tatizo ni kwamba zoezi lenyewe lilikuwa rahisi mno. Wewe ongeza angalau warsha ya wiki nzima Naivasha.

3. Chora njia ya mabasi, kisha subiri mabasi. Thika Road ilipata mistari myekundu ya njia hiyo mapema. Dar es Salaam walikosea utaratibu: mwaka 2016 mabasi yao ya mwendokasi yalianza kubeba abiria.

4. Jihadhari na dawa za bei nafuu. Hapa ndipo wengi huteleza. Januari 2015 Kenya na majirani zake walishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kenya ilikuwa imezoea 500. Hakuna shimo lililochimbwa, wala dereva aliyebadilisha gari, ilhali kila lori, jipya kwa mkweche, lilianza kutema uchafu pungufu. Aibu iliyoje! Utepe ungekatiwa wapi, kwenye pampu? Epuka pia kukagua injini, maana magari machache mabovu huchafua kuliko mengi mazima, na ukiyabana utamaliza kazi na pesa zingalipo. Vijia vya waenda kwa miguu navyo ni hatari: watu wengi tayari wanatembea, wataanza kuvitumia siku hiyo hiyo.

5. Usigawanye kamwe. Ukigawanya gharama kwa kilo za masizi zilizopungua, orodha yako itapinduka: dizeli safi na ukaguzi juu, saruji chini kabisa. Mhasibu akishikilia kugawanya, mpandishe cheo, umhamishie kitengo cha itifaki akashike mkasi.