Mwenye Haya Ukumbini

Wapo wasioelewa wema wa MC wa Tunduma. Hao hupenda kula pilau kimya, kana kwamba walichangia harusi kwa ajili ya chakula.

Wewe mwenye haya uliyeshuka kutoka Ikinga, huko Ileje, usijifiche nyuma ya spika. Pale mpakani, tangu 2019 ukaguzi wa Tanzania na Zambia umewekwa pamoja, msafiri asimame mara moja tu. Ukumbini tuko makini zaidi: utakaguliwa kadi, bahasha na kiuno.

Zawadi nayo ina utaratibu. Zamani mtu alikabidhi doti ya kitenge akarudi kukaa, ushamba ulioje! Siku hizi kitenge hucheza kwanza kutoka mlangoni, na kikikaribia maharusi DJ anarudisha wimbo mwanzo, kwa kuwa "upande wa bwana harusi hamjachangamka". Malori ya Zambia hupanga foleni yamezima injini. Foleni yetu sisi ina mtindo.

Ukiitwa kulishwa keki, panua mdomo. Mpiga picha akikosa, utalishwa tena, bure kabisa. Kimondo cha Mbozi kina tani kadhaa na wageni hukizunguka wakipiga picha, umesikia kikilalamika? Tena chenyewe hakiulizwi kwa kipaza sauti, "Shemeji, mbona umenuna?"

Chakula kitatoka karibu saa sita usiku. Meza huitwa kwa wingi wa vigelegele, na iliyo kimya hupakua mwisho. Kuku nao wana moyo, hawapendi kuliwa na watu waliopoa.