Udongo Mweusi, Safi

Jumapili iliyopita mama mkwe alikataa kiti. Alisimama kwenye pavingi mpya ya ua wangu, ambayo bado sijammalizia fundi hela yake, akainama, akang'oa jani lililochungulia kati ya tofali mbili na kulizungusha vidoleni. "Baba," akasema kwa upole, "nyasi shina lake huwa duara. Hili lina pembe tatu. Ndago hii." Wajomba wa mke wangu wakaweka soda chini, wakaja kila mmoja kung'oa lake na kulizungusha. Wakaafikiana: pembe tatu. Hakuna aliyeisifu pavingi.

Vita vilianza na lori la udongo wa bustani, ambao dalali aliuapia kuwa ni mweusi, safi. Mvua ya kwanza ilipopita, ukoka ukachipua na ndago ikachipua, ndago ikiwa mbele. Nikaingia na jembe. Nililima ua mzima, jirani akinisifu kutoka upande wa pili wa ukuta, nami nikizijibu sifa kwa kulima tena palepale nilipokwisha kulima.

Chini ya ardhi mambo yalikuwa mengine. Ndago hujipanga kwa mnyororo: kiazi kidogo cheusi, uzi mgumu, kiazi kingine, uzi tena. Kiazi cha mbele kikiwa hai huwanyamazisha wenzake. Vyote vina macho ya kuchipua, ila vinasubiri. Jembe likikata uzi, kila kimoja kinajiona kimeachiwa urithi na kuanzisha mji wake. Nilichimbua mnyororo mmoja kwa mikono, nikaufuata mpaka ulipoingia chini ya msingi wa ukuta, nikauacha kwa heshima. Mwaka 1977 wataalamu wakiongozwa na LeRoy Holm waliitaja ndago kuwa gugu baya kuliko yote duniani. Nikafarijika: kumbe nimepigwa na bingwa.

Baada ya jembe nikatandika karatasi ya nailoni; ilitobolewa. Nikapiga dawa; ilikausha majani. Viazi vilivyolala havikupata habari. Pavingi mmeshaisikia.

Ndago nimeshaisamehe, watu bado. Fundi anasema hayo ni mambo ya bustani. Mtunza bustani anasema imekuja na lori. Dalali anauliza, "Bosi, kwani udongo si uliupata?" Mbegu za mahindi hapa Tanzania zina taasisi, TOSCI, ya kuzikagua kabla hazijafika dukani. Lori zima la udongo uliojaa viazi hai linapita mtaani mchana kweupe, linamwaga getini kwa mtu na kuondoka, na hakuna aliyeuliza umechimbwa wapi. Risiti, ukiidai sana, inaandikwa neno moja: udongo. Ndago nimeinunua kwa hela yangu, tena kwa bei ya udongo.