Sifa za Msagaji wa Usiku

Wengine na wasifu mashujaa. Mimi nasifu taya langu, ambalo usiku wa manane, nikiwa nimelala fofofo, huwasha mashine na kuanza kusaga. Halina mahindi wala mtama. Linasaga meno yangu yenyewe, na halijawahi kudai posho.

Tena lina siri! Miaka nenda rudi sikujua kama kinywani mwangu kuna zamu ya usiku, hadi mke wangu aliponiuliza asubuhi moja, "Baba Neema, jana ulikuwa unatafuna changarawe?" Bibi aliposikia akatoa hukumu palepale: minyoo. Nikanywa dawa. Minyoo, kama ilikuwapo, ikaenda zake; msagaji akabaki kazini.

Daktari wa meno alinionyesha kwenye kioo magego yaliyolika yakawa bapa, na ulimi wenye alama za meno pembeni. Akasema ganda la nje la jino ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, hata mfupa, na likishalika halioti tena. Sasa pima uhodari wa anayelimaliza bila msasa wala tupa! Akauliza: unavuta sigara? Pombe je? Unakoroma? Unatumia dawa za sonona? Nikakiri kahawa tu, ile ya barazani jioni. Una mawazo? "Hamna shida, daktari."

Hapo ndipo ninapolivulia kofia taya. Mchana kutwa mimi ni mtu wa "hamna shida". Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo: hamna shida. Shemeji anaomba mkopo juu ya mkopo: tutaongea, shemeji. Taya halijui unafiki huo. Linangoja nilale, kisha linawajibu wote, neno kwa neno, mpaka naamka panja zinagonga.

Injili ya Mathayo imetaja kusaga meno mara 6, kila mara pamoja na kilio. Kwetu kazi tumegawana: mimi nasaga, kilio ni cha mke wangu, anayekosa usingizi.

Nimetengenezewa kikinga cha plastiki cha kuvaa usiku. Hakimzuii msagaji; kinapokea tu kipigo badala ya meno. Mchana nimeagizwa nifunge midomo lakini meno yasigusane, basi nikaandika kikaratasi mezani: MENO YAACHANE. Mama Neema alikisoma mara mbili.

Juzi mwenye nyumba kapiga simu tena. Nikamwambia hamna shida. Asubuhi kikinga kilikuwa na mfereji mpya.