Jinsi ya Kuwaonyesha Watoto The Sound of Music Bila Kuwaharibia

Kwanza, anzeni saa tisa alasiri, Jumamosi. Filamu hii ya mwaka 1965 ina dakika 174. Ukiianza usiku, Gretl, mtoto wa miaka mitano kwenye filamu, atakuwa bado anaimba wakati wa kwako anakoroma. Tandika mkeka, kaanga bisi za kutosha, na simu yako ifungie kabatini. Mtoto akikuona unachungulia simu, atajua hata wewe imekuchosha.

Pili, usihutubu. Ile hotuba ya "enzi zetu" imeze pamoja na bisi. Acha kamera ishuke toka angani mpaka imkute mwigizaji Julie Andrews kwenye majani ya mlimani. Upepo wa helikopta iliyobeba kamera hiyo ulikuwa ukimbwaga chini kila inapompitia. Hilo wasimulie filamu ikiisha, uone kama hawatadai irudishwe mwanzo.

Tatu, ikilia filimbi, vumilia. Kapteni von Trapp, mjane, huwaita wanawe saba kwa filimbi, kila mmoja na mlio wake, nao hujipanga mstari kama askari. Watoto wako watakugeukia. Usijitetee. Anayewaita wanawe kwa kufoka toka jikoni, naye ana filimbi yake.

Nne, jiandae kwa wimbo wa Do-Re-Mi. Utausikia bafuni, kwenye gari na mezani, wiki nzima. Usiwanyamazishe: wanajifunza noti za muziki, na wanadhani wanacheza.

Tano, bendera ya Wanazi ikitokea, usipeleke mbele. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na kapteni akatakiwa kwenye jeshi lao la majini. Mtoto akiuliza kwa nini familia inatoroka, mjibu ukweli: kuna kazi ambayo mtu mwema huikataa, hata ikimgharimu nyumba yake. Yule mkubwa mwongezee kwamba familia halisi ya von Trapp haikuvuka milima kwa miguu kama kwenye filamu; ilipanda treni kwenda Italia.

Sita, na hili ndilo kubwa. Kuna mahali kapteni anawasikia wanawe wakiimba ndani ya nyumba ambamo yeye mwenyewe alikuwa ameuzima muziki. Anaingia, anasimama, kisha sauti inamtoka, nyembamba, kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Watoto wanamkodolea macho: kumbe baba anaimba! Hapo acha kutazama runinga, watazame wa kwako. Wakikugeukia mara ya pili, imba. Sauti mbaya si udhuru. Hawajaja kusikiliza kwaya.

Saba, kesho chakula kikiiva, usifoke. Waite kwa wimbo. Watakuja wakiitikia.